Walinibabulia patasi zangu za kukereza, na bado sijui niwape nyota ngapi

Hata shikamoo fundi wa kunoa hakutoa. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipopaswa kugeuza na kurudi zangu kituoni.

Ilikuwa Jumamosi moja kabla mvua hazijakolea, lile jua la Mwanza linalochemsha mawe mpaka joto linakupanda kutoka chini. Nilishuka kwenye daladala Nyakato na patasi zangu nne nimezifunga kwenye kanga kuukuu ya mama watoto. Jiwe langu la kunolea nyumbani lilikuwa limepasuka, kazi iko kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao nawe unaichonga kwa patasi, na siku zinakimbia. Nikaelekezwa karakana moja, jina silitaji, wanaoijua wanaijua. Niliambiwa wana jiwe zuri na fundi mwenye mkono mwepesi. Mkono mwepesi ni kweli, na balaa lote lilitokea hapo.

Fundi mwenyewe ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mimi kichwa chote mvi. Akanitazama, akasema, "Mambo vipi, mzee?" Nikajibu, "Poa." Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najilaumu kwa hiyo poa.

Akafungua kanga, akachukua bobari, ile patasi yenye mfereji, akaizungusha mkononi kama mtu anayekagua kijiko.

"Hii ya nini?"

"Ya kukereza. Natengeneza mabakuli."

Akawageukia wenzake waliokuwa wanachomelea geti. "Oyaa, mzee anachonga mabakuli!" Kisha kwangu: "Bakuli si zimejaa pale sokoni, buku mbili tu? Kwani unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nafundisha.

"Aaa, pole mwalimu. Kumbe mshahara hautoshi."

Wakacheka wote. Hata mteja mmoja aliyeleta shafti ya mashine ya kusaga alicheka, na hanijui wala simjui.

Mshahara kutotosha ni habari nyingine, tutaizungumza siku yake. Ila sikerezi kwa njaa. Tuko wachache hapa mjini tunaowasha mashine jioni baada ya kazi. Mmoja anatoa visukumio vya chapati vya mninga, ameshawagawia ndugu wote mpaka sasa anawagawia majirani. Mwingine ni nesi, anaokota vipande vya mpingo vilivyobaki kwa wachongaji na kuvitengenezea kalamu, nzuri mno, uzito wake mkononi tu unakufanya utake kuandika barua. Na tuna mzee wetu wa Igombe, fundi wa mitumbwi mstaafu, yeye siku hizi hakerezi, anakuja kukaa kwenye kigoda na kutukosoa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogopa mvule. Mvule una mawe tumboni, anasema, na ni kweli: ndani ya mti huo hujikusanya chokaa iliyoganda kuwa jiwe kabisa, na patasi ikikutana nalo inapata pengo ambalo litakula nusu saa ya kunoa. Vumbi lake nalo linawasha kifua. Vaa barakoa.

Kazi niliyokuwa nayo mimi ni ya mwembe. Mti ulianguka kwa jirani kule Luchelele, nikaomba kipande kabla hakijaenda kuwa kuni. Nikakikereza kikiwa bado kibichi, maji yananirukia usoni, nikapata bakuli nene la sentimita 30 kwa upana, ukuta nikauachia sentimita 3. Hiyo ndiyo kanuni tunayotumia, sehemu moja ya kumi ya upana, maana mbao mbichi ikikauka inajikunja na kuwa kama yai, na bila unene wa kutosha hutapata tena duara ndani yake. Nikalipaka nta kwenye sehemu zinazoonyesha ncha za nyuzi za mti, huko ndiko maji hukimbia haraka na kupasua. Nikalitia kwenye mfuko wa saruji pamoja na maranda yake, nikalisahau chini ya kitanda miezi na miezi. Nilipolitoa lilikuwa na michirizi myeusi ndani yake kama ramani ya visiwa vya Ukerewe. Hata ufa mmoja halikuwa nao. Lilikuwa limebaki kukerezwa mara ya pili na kupelekwa kwenye sendofu ya binti wa dada yangu. Hilo ndilo bakuli la buku mbili.

Turudi kwenye jiwe. Jiwe lao ni lile la kijivu, na uso wake ulikuwa unang'aa. Jiwe la kunolea likishang'aa ujue vinyweleo vyake vimeziba kwa chuma, halikati tena, linasugua tu na kutoa moto. Lilitakiwa kukwanguliwa uso kwanza. Nikafungua mdomo kusema, nikakumbuka nimeshachekwa mara moja, nikaufunga. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

Akabandika patasi ya kukwangulia. Hii ndiyo niliyotaka muielewe. Ni tupa ya marehemu baba, aliyekuwa seremala, niliisaga meno na kuipa mpini wa mpera mimi mwenyewe. Akaikandamiza kwenye jiwe kwa mikono miwili kama anayezuia mlango. Cheche zikaruka, kisha ncha ikawa rangi ya majani makavu, ikawa ya kahawia, ikawa zambarau, na kabla sijasema "fundi!" ilikuwa bluu kama shati la shule. Akaichovya kwenye kopo la maji, chwaaa, akaipuliza, akaiweka mezani na kuniambia, "Hiyo inanyoa ndevu."

Akachukua bobari. Ikawa bluu nayo.

Mimi nafundisha fizikia. Nimewaandikia watoto ubaoni miaka yote hiyo kwamba chuma cha kaboni kikifika karibu nyuzi joto 300 kinatoka rangi hiyo ya bluu na ugumu wake umekwenda. Halafu nimesimama pale natazama tupa ya baba ikigeuka bluu na mdomo nimeufunga. Elfu tano kila patasi, elfu ishirini kwa zote, na nikalipa! Nikatoka bila kuaga. Mlangoni kuna dogo mmoja, mwanagenzi wao, alisema kitu, hata sikumsikiliza.

Basi nyota moja. Sifuri haiwekeki.

Nyumbani nikaijaribu tupa kwanza. Ilikata pumzi mbili, tatu, ikaanza kuteleza juu ya mbao kama kisigino cha ndala kwenye sakafu iliyomwagiwa mafuta. Nikapitisha tupa nyingine ndogo kwenye ncha yake, ikaiuma vizuri kabisa, na tupa haiumi chuma kigumu. Imekufa. Nikakaa chini. Mama watoto aliniuliza kama nimefiwa.

Halafu nikachukua bobari, kwa hasira tu, nipate ushahidi wa pili. Nikaegemeza mgongo wake kwenye mwembe kwanza kama inavyotakiwa, nikainua mpini polepole mpaka ncha ikashika. Ikatoa utepe. Utepe mmoja mrefu, mwembamba, unaojikunja mpaka begani kwangu, na sehemu ilipopita mbao ikawa laini kama imepigwa msasa. Niwe mkweli, nilitamani ikatae. Nikasimamisha mashine nikaitazama kwenye taa.

Bluu ipo, lakini hii bobari ni ya haispidi, chuma kile kile cha keekee za kutobolea, na chenyewe hubaki kigumu mpaka karibu nyuzi 600. Bluu kwake ni rangi tu, na najua hayo tangu siku niliyoinunua. Kinachoweza kukidhuru ni lile kopo la maji, kikiwa cha moto sana ukakichovya ghafla kinaweza kupata nyufa ndogo ndogo, ila sikuona hata mmoja. Kilichonishangaza ni kitu kingine. Kile kisigino cha nyuma ya ncha, ambacho kila siku kilikuwa kinanichubulia mbao ndani ya mviringo wa bakuli na mimi nalaumu mkono wangu, kilikuwa kimeondolewa. Kimesagwa kidogo tu, kwa adabu. Na kwenye mfereji wa bobari kulikuwa na alama ya wino mweusi wa makapeni.

Ndipo nikakumbuka. Katikati ya kazi fundi alipigiwa simu, akatoka nje, akampa dogo bobari. Mimi nilikuwa nimeikodolea tupa ya baba, sikuangalia. Dogo alikuwa ameipaka wino ile ncha ili aone jiwe linagusa wapi kabla ya kusaga. Hiyo ni akili ya mtu anayejali. Bosi wake hakupaka wino wala mate.

Na alichosema mlangoni, sasa ndio nakisikia vizuri, kilikuwa "Shikamoo mwalimu." Mimi mwenye kesi ya shikamoo niliondoka bila kuitikia marahaba.

Kwa hiyo nyota mbili? Nilishaandika tatu nikafuta. Maana nikikumbuka "mshahara hautoshi" damu inapanda upya, na sioni kwa nini kijana mmoja mwenye adabu awabebe watu watano wasio nayo. Karakana ni ya bosi na jiwe lililoziba ni la bosi, na kucheka kote kule yeye ndiye aliyekuanzisha.

Nikampelekea mzee wa Igombe ile tupa, nilitaka anihurumie. Akaigeuza, akaikuna kwa kucha, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, "angalau sasa haitakutoa jicho." Ameniambia siku zote kwamba tupa ni ngumu lakini ni kavu, ikinaswa na mbao inayozunguka inakatika kama biskuti na kipande kinaruka usoni. Kwamba haifai kukerezea, ya baba au ya nani. Sasa imelainika, haitavunjika, na haikati pia. Inaweza kufufuliwa: uipashe moto mpaka sumaku iikatae, uizimishe kwa kuichovya, kisha uipashe tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu na uishie hapo. Naweza kuifanya hata kwa mkaa na feni. Sijaifanya. Nimeitundika ukutani juu ya mashine, na yule kijana wa mambo vipi simshukuru ng'o, hata kama ameniokolea jicho.

Bakuli lilikwenda kwenye sendofu likiwa limepakwa nta ya nyuki, likajazwa maembe, shangazi mmoja akauliza limenunuliwa Dar es Salaam. Sikumjibu kitu, nilikuwa nasikia raha.

Mwenye kutaka kunoa aende akiwa na macho. Mwambie akwangue jiwe kwanza, hata wakikucheka. Ya haispidi mpe, ya kaboni rudi nayo nyumbani. Nyota weka mwenyewe.

Bobari yangu imeanza kuwa butu tena. Nimeipata namba ya dogo kwa mtu, nimemwandikia marahaba iliyochelewa, na kumuuliza ni siku gani bosi wake huwa anakwenda Kahama.