Mfereji wa Panama kwa meli ya kitalii, safari ya kikundi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnaingia hapa kutafuta hiyo tu. Siku ya mfereji peke yake ilitosha nauli niliyolipa. Kifurushi cha kikundi, jinsi kilivyouzwa kwetu, sitakinunua tena.

Tulikuwa Waswahili wa Houston: Watanzania wengi, Wakenya kiasi, na familia moja yenye asili ya Bujumbura. Wakala mmoja anayetangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ndiye aliyetukusanya, na malipo yalikuwa ya awamu. Meli iliondokea Fort Lauderdale, ikapita Aruba, Cartagena ya Kolombia, Panama na Puerto Limón ya Kosta Rika, kisha ikarudi Florida. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa kwamba tunakwenda "kuvuka Mfereji wa Panama". Ratiba ya kampuni ya meli, ile PDF ndefu ambayo watu huipokea na kuijibu kwa dole gumba, ilisema kitu kingine: meli inaingia mpaka Ziwa Gatun, lililo ndani ya mfereji, inageuka, na inatokea kulekule ilikoingilia.

Hili ndilo jambo la kwanza la kujua kabla hujatoa senti. Kuna safari za kuvuka kweli, ambazo kwa kawaida huanzia Florida na kuishia California au kinyume chake. Zinachukua wiki mbili na zaidi, na tiketi ya ndege ya kurudi unainunua kutoka pwani nyingine. Na kuna hizi za nusu, za siku kumi au kumi na moja, zinazomfaa mtu mwenye likizo fupi. Za nusu si mbaya, ila ziuzwe kwa jina lake. Kwa kuwa nilikuwa nimeisoma ratiba, nililipia mapema matembezi ya boti ambayo nitayaeleza hapo chini.

Alfajiri ya siku yenyewe nilikuwa omo ya meli kabla jua halijachomoza. Ghuba yote imejaa meli za mizigo zimetia nanga, zinasubiri zamu. Tukapita chini ya daraja refu la Atlantiki lililofunguliwa 2019, na mbele yake ndipo penye vyumba vya maji vya Gatun: vitatu vimefuatana, vinakupandisha mita 26 juu ya bahari. Rubani wa Panama alikuwa ameshapanda. Kwingineko rubani humshauri nahodha, lakini hapa anachukua amri ya meli yote.

Halafu kikaja kiboti cha makasia. Nasema kweli, cha makasia, chenye watu wawili. Mmoja anapiga kasia, mwenzake anadaka kamba nyembamba inayotupwa kutoka juu kwetu, wanaipeleka ukutani, na kamba hiyo ndiyo inayovuta waya mnene wa chuma unaofungwa kwenye vichwa vya treni vya umeme pembeni. Meli ya maelfu ya abiria imetulia inasubiri watu wawili na makasia yao. Sitaha nzima ilipiga makofi walipoidaka kamba.

Vile vichwa vya treni, wenyewe wanaviita nyumbu, vinatembea juu ya reli kando ya meli huku vikigonga kengele. Mwendo wenyewe ni wa injini ya meli. Kazi kubwa ya nyumbu ni kuishikilia katikati na kuipunguza kasi. Na inabidi, kwa sababu chumba kina upana wa mita 33.5 na meli kubwa kabisa zinazopita pale zina karibu mita 32.3. Nilishuka sitaha ya chini nikauangalia ukuta: saruji ya zaidi ya miaka mia moja, nyeusi kwa unyevu, mistari ya kutu, na nafasi ya futi mbili hivi kati yake na sisi. Milango ikafungwa nyuma yetu, maji yakaanza kufumka kutoka chini bila kelele, na ukuta ukazama taratibu mpaka tukawa tunaona majani ya upande wa pili. Hakuna pampu inayoyasukuma. Maji yanashuka kwa uzito wake kutoka ziwani.

Mama mmoja wa Tanga, mkubwa wetu kwa umri safarini, alinishika mkono. "Mwanangu, ndiyo tumeshavuka?"

"Bado, mama. Tumepanda ngazi. Jioni meli itashuka ngazi hizihizi."

"Kwa hiyo Pasifiki?"

"Pasifiki haimo, mama."

Alinyamaza kidogo, akauliza wakala yuko sitaha ya ngapi.

Kutoka ziwani tulioandikisha matembezi tulishushwa kwa boti ndogo, basi likatupeleka Gamboa, na pale tukapanda feri iliyotupitisha sehemu iliyobaki: mkato wa Culebra uliochongwa kwenye mlima, chumba kimoja cha Pedro Miguel, vyumba viwili vya Miraflores, halafu Daraja la Amerika na Pasifiki hiyo hapo. Karibu dola 200, juu ya nauli. Kwangu ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa kuwa kwenye chombo kidogo unaona ukuta ukirefuka juu ya kichwa chako kadiri maji yanavyoshuka. Waliobaki melini walikula mchana mrefu.

Lawama yangu kwa meli ni msimulizi wa kwenye spika. Mitambo aliieleza vizuri, na ukame wa 2023 uliopunguza idadi ya meli pia. Kila meli inapopita, maji matamu lita milioni 200 hivi yanaishia baharini, na ziwa hilohilo ndilo linalonywesha Jiji la Panama na Colón. Lakini waliochimba walipata sentensi moja. Wafaransa walianza 1881 chini ya de Lesseps, yule aliyeongoza ujenzi wa Mfereji wa Suez, na inakadiriwa watu zaidi ya 20,000 walikufa, homa ya manjano na malaria zikiongoza. Wamarekani walishika kazi 1904 wakamaliza 1914, na wao wenyewe waliandika vifo 5,609. Wengi walikuwa vibarua weusi wa Barbados, Jamaika na visiwa vya jirani. Hao walilipwa kwa sarafu za fedha, Wamarekani weupe kwa dhahabu, na ubaguzi huo ulifika hadi madukani na hospitalini. Saa nzima ya spika ilitosha kulisema.

Cartagena ni mji wa kutembea kwa miguu: kuta za Wahispania, mtaa wa Getsemaní, kina mama wa kijiji cha Palenque wenye masinia ya matunda kichwani (picha unalipia, na ni haki yao). Sisi kifurushi kilitupandisha basi. Tuliona ngome ya San Felipe kupitia kioo, kisha tukashushwa duka la zumaridi na kukaa humo kuliko tulivyokaa popote. Ukipita pale, achana na basi.

Aruba ni ufukwe. Aliyekulia Pangani hatashangaa.

Puerto Limón nilitoka peke yangu nikala wali wa nazi na maharage kwa mama mmoja karibu na soko, pilipili nzima imewekwa juu bila kupasuliwa. Ni chakula cha wazao wa Wajamaika walioletwa kujenga reli karne ya 19. Nilirudi melini nikapita buffet bila kugeuka.

Kuhusu pesa: bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kwenye kabini ya watu wawili. Ukiwa peke yako unalipa karibu mara mbili, au unapangiwa mwenzako, na hapo ni bahati ya mkoromo. Bakshishi inakatwa kila siku kwenye akaunti yako, intaneti ni ya kulipia. Wasiokula nguruwe waandike mapema, jikoni walituhudumia vizuri. Wenye green card na pasi za nyumbani, uliza masharti ya viza ya kila nchi ya njiani, na anayekuzuia kupanda ni kampuni ya meli pale gatini. Kadi ya homa ya manjano ibebe.

Wakala amekubali kurudisha dola hamsini kwa kila aliyelalamikia lile neno "kuvuka". Mama wa Tanga amezikataa, anataka gharama ya feri yote, na grupu bado linawaka.