Redio ya Biblia ya sola niliyomnunulia mama, Ipuli, Tabora

Kama mzazi wako macho yameshachoka na Biblia yake imebaki kabatini, soma hapa kabla hujatoa hela.

Niliipata kwenye duka la vitabu vya dini mjini, 45,000 baada ya kubembeleza. Ni kidude cha kujaa kiganja, sola iko mgongoni, kadi ndani. Msomaji anasoma taratibu na hajifanyi mhubiri. Sauti inafika mpaka jikoni. Chaji si tatizo: mama anaianika asubuhi pamoja na michembe, jioni inaongea. Mvua zikianza tafuta waya, maana kwenye boksi haumo.

Vitufe ni vikubwa, hata mtu asiyeona vizuri anavipapasa. Mama amekariri: kutoka Mathayo, bonyeza mara tisa, uko Waefeso. Na Waefeso ndiyo inayosikilizwa nyumbani kuliko zote, kwa sababu mama ni Mkatoliki, mimi nimeolewa Ulutherini, na mume wangu akija kumsalimia mkwewe hamalizi chai bila sura ya 2: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Mama humjibu kwa Yakobo, imani pasipo matendo imekufa. Miaka yote hiyo.

Sasa redio haina habari ya mtu kuchagua mstari. Ikishasema "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu", pale mume wangu anapofungaga Biblia, yenyewe inaunganisha na mstari wa 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Akanyoosha mkono aizime. "Baba, iache imalize," mama akamwambia. Lakini na yeye hakupona. Siku zote anasema marehemu baba yuko mbinguni kwa kuwa hakukosa misa. Aliposikia "ni kipawa cha Mungu" akaomba sura irudiwe, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hata baba yako alipewa tu?"

Wakubwa wao walishakaa mezani, kwa taarifa yenu. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Ujerumani, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia saini kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na Roho Mtakatifu anatuwezesha na kutuita kutenda mema. Ni mstari wa 8 hadi wa 10, bila kuruka.

Kasoro zipo. Ukizima, haikumbuki ilipoishia, inaanza Mwanzo 1 upya. Kubwa zaidi, boksi limeandikwa "Biblia nzima" kumbe ni vitabu 66 vya Kiprotestanti, vile vya ziada vya Biblia ya Kikatoliki havimo. Mama alimtafuta Yoshua bin Sira jioni nzima, hayumo, wala Tobiti, wala Wamakabayo. Muuzaji hakutuambia.

Nyota nne. Mprotestanti nunua tu. Mkatoliki, ulizia kwanza kadi yenye vitabu 73, na uisikilize hapohapo dukani.