Taima ya kuzungusha kwa mkono baada ya miezi minne, na vile imebadilisha ninavyopanga siku

Nimeitumia miezi minne mfululizo kwa hiyo naiongelea nikiwa nimeijua. Ni ile taima ya jikoni ya kawaida kabisa, ya duara, haina betri wala skrini, unaizungusha inaanza tik tik tik ikifika sifuri inalia basi. Sikuinunua ya kupikia. Niliinunua kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naandika mambo kumi na mbili ya kufanya, jioni nimemaliza manne, na hayo manne ndo yale mepesi mepesi, yale mazito yanahamia kesho wiki nzima.

Utaratibu ninaofuata ni wa Muitaliano Francesco Cirillo, aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, taima yake ilikuwa na umbo la nyanya ndo maana njia yenyewe inaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Dakika 25 kazi moja tu, dakika 5 unapumzika, raundi nne zikiisha unapumzika dakika 15 mpaka 30. Wengi wanaisifia kwa kuwa inakutuliza kwenye kazi, na kweli inatuliza, ila mi nilichopata zaidi ni hesabu.

Nafanya hivi: kabla sijaanza kazi naandika kwenye daftari nadhani itakula raundi ngapi, alafu kila taima ikilia napiga kijistari pembeni. Ripoti ya mwezi, ambayo siku zote nilikuwa nawaambia watu "nipe lisaa limoja tu", niliandika 2. Vijistari vikaja 7. Nikajua labda siku ile nilichoka, mwezi uliofuata vikaja 6! Barua pepe niliandika 1 zikala 3. Yaani miaka yote nimekuwa nikijilaumu kuwa ni mvivu kumbe nilikuwa najipangia siku isiyowezekana tangu asubuhi. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaliandika hili mwaka 1979, kwamba mtu akikadiria muda wa kazi anaangalia anavyotaka iende, haangalii kazi za aina hiyo huko nyuma zilichukua muda gani. Sasa mi nina vijistari vya huko nyuma, naviangalia.

Kwa siku nzima ya kazi napata raundi 10 za maana, siku mbaya 7. Sio 16, ingawa ukipiga hesabu ya masaa nane unaona zinaingia 16. Kwa hiyo asubuhi napanga kazi za raundi 8 tu, mbili naziacha wazi kwa ajili ya yale yasiyopangwa maana hayakosekani. Orodha imekuwa fupi na inaisha, na nikiombwa kitu nasema "kesho kutwa" nikiwa namaanisha.

Mtu atasema simu nayo ina taima. Ndio ina, nilianza nayo, ila kila nikiishika kuiwasha nakuta meseji, naijibu, dakika kumi zimeenda kabla hata sijaanza. Hii ya mkono ukishaizungusha hakuna kingine cha kuifanyia.

Kasoro zipo. Ya kwanza ilikatika springi wiki ya tatu, nikairudisha nikapewa nyingine. Pia ukiipeleka moja kwa moja kwenye 25 inawahi kulia au inakwama kabla ya kulia, inabidi uizungushe mpaka 60 kwanza ndo uirudishe kwenye 25, hapo springi inakuwa imejaa vizuri. Na ina kelele, mkiwa wengi chumba kimoja utawakera wenzio, mi naiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa inapungua kidogo. Kama kazi yako ni kuhudumia watu wanaokuja muda wowote hii haitakufaa, utakuwa unaikatisha kila mara. Na siku za kuandika kitu kirefu kengele inakuja ndo kwanza mawazo yamekolea, siku hizo naiweka 50 nahesabu vijistari viwili.

Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imeondoka na springi. Ukienda kununua izungushe palepale, iache ifike sifuri uisikie ikilia, na kagua namba zimechongwa au zimechapwa tu juu, za kwangu zilizochapwa zimeshaanza kufutika hapo kwenye 25 ninapopashika kila siku.