Wakala wa bima ya meno, Barabara ya Lamu, Malindi: huduma njema, karatasi pungufu

Ofisi hii ndogo ya wakala wa bima, iliyo ghorofani upande wa Barabara ya Lamu hapa Malindi, inastahili sifa kwa jambo ambalo mawakala wengi hulikwepa. Mteja akiulizia matibabu ya meno hasukumiwi kampuni moja, bali huwekewa mezani mipango ya kampuni tatu na kuachwa aisome kwa nafasi yake. Upungufu umo katika karatasi zenyewe.

Kila kampuni imeandika kwa mtindo wake. Ya kwanza inataja kikomo cha mwaka kwa familia nzima, ya pili kwa kila mtu, na ya tatu inasema tu kwamba meno yamo, bila kueleza kama tiba ya mzizi wa jino italipiwa au mgonjwa atabakiwa na kung'oa peke yake. Kipindi cha kusubiri kabla bima haijaanza kulipa kimefichwa kwa herufi ndogo nyuma ya ukurasa. Nyaya za kunyoosha meno, ambazo bima nyingi hazizilipii, hazikutajwa kabisa katika karatasi mbili. Mzazi ambaye mwanawe ana meno yaliyopandana atalinganisha nini na nini?

Huenda naonekana mchokozi, lakini riziki yangu ni kazi ya mtandaoni ya kukagua majedwali ya kampuni za bima ya meno za Marekani kabla hayajawasilishwa kwenye masoko ya bima ya afya ya huko. Masoko hayo, yaliyotokana na sheria ya mwaka 2010 na kuanza kuandikisha watu tarehe 1 Oktoba 2013, hayapokei kipeperushi. Kampuni hujaza violezo vya aina moja: mafao katika kimoja, bei kwa umri wa mteja katika kingine, maeneo inakouza mpango, na mtandao wa madaktari wake wa meno. Kazi hiyo hufanywa miezi kadhaa kabla ya dirisha la kujiandikisha kufunguliwa, na mpango usioidhinishwa hauonyeshwi kwa mnunuzi. Kwa kuwa matibabu ya meno ya watoto ni miongoni mwa mafao ya lazima, gharama anazotozwa mzazi nazo ziliwekewa mpaka. Mwaka 2015 mpaka huo ulikuwa dola 350 kwa mtoto mmoja na dola 700 kwa wawili au zaidi. Meno ya watu wazima hayakuingizwa katika lazima hiyo, jambo ambalo binafsi sijapata kuelewa mantiki yake.

Simtaki wakala wa Malindi awe serikali ya Marekani. Namtaka achore jedwali moja la safu tatu, lenye kikomo, muda wa kusubiri, kuziba, kung'oa, mzizi na nyaya, kisha azitake kampuni zijaze wazi kila kisanduku.

Kuhusu sharti la kutouziwa bima ya meno bila kwanza kuchukua bima ya kulazwa, sitamlaumu, kwa maana ni desturi ya kampuni zenyewe, na hata kwenye HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya masoko hayo ya bima, mpango wa meno unaojitegemea hauuzwi kwa asiyenunua mpango wa afya. Ila sharti hilo lisemwe mwanzoni. Mimi niliambiwa, "Dada, hii ya meno haiendi peke yake," nilipokwisha kutoa kitambulisho na nakala za vyeti vya watoto.

Orodha ya kliniki ndiyo inayohitaji macho makali zaidi. Katika mpango wa bei nafuu kuliko yote, karibu kliniki zote zilikuwa Mombasa, mwendo wa takribani kilomita 120. Mwenye gego linalompwita usiku hawezi kuiita hiyo nafuu, kwani nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kazi iliyopotea humaliza chote alichookoa katika malipo ya bima.

Kwa upande wa utumishi sina neno. Karani ni mpole, hupokea simu, na malipo ya M-Pesa hufuatwa na stakabadhi papo hapo. Nilipomwomba athibitishe kwamba kliniki mbili za hapa mjini bado zinapokea kadi ya mpango wa pili, alizipigia zote mbili nikiwa nimeketi, akaandika majibu kwenye fomu yangu na kuyatia muhuri. Mpango huo ndio niliouchukua.