Gephi mikononi mwa mfanyabiashara: picha inavutia, kazi yenyewe imo kwenye jedwali

Anayetaka kuchambua mtandao wa watu, yaani nani ana uhusiano na nani, kwa kompyuta bila kulipia leseni huelekezwa kwanza kwenye Gephi, na sina sababu ya kupinga ushauri huo. Ni programu huria iliyoanzia Ufaransa, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, ikaanza kusambazwa mwaka 2008. Toleo la 0.10 lilitoka mwaka 2023. Ninachokitathmini hapa ni kazi yake mikononi mwa meneja wa mauzo, ofisa utumishi au mshauri wa biashara, kwa kuwa hao ndio wanaovutiwa upesi na picha zake na ndio wanaoweza kupotoshwa nazo.

Programu ya namna hii hupimwa vizuri kwa data ambayo majibu yake yanajulikana. Nilitumia familia kubwa za Florence, Italia, za karne ya 15, ambazo mahusiano yao yalichambuliwa na watafiti John Padgett na Christopher Ansell mwaka 1993. Data inayotumika sana kufundishia ina familia 16 na viungo 20 vya ndoa. Unaandika jedwali lenye safu mbili, kila mstari ukiwa na familia moja na ile iliyooana nayo, unalihifadhi kama faili la CSV, na Gephi inalipokea bila usumbufu. Jambo moja tu linahitaji uangalifu: familia ya Pucci haikuoana na yeyote kati ya hizo nyingine, kwa hiyo haimo kwenye jedwali la viungo na haitaonekana kabisa mpaka uiongeze mwenyewe kwenye jedwali la nukta, ambamo kila nukta ni familia moja. Katika ofisi, mfanyakazi ambaye hakutajwa na mtu yeyote hupotea kwa njia hiyo hiyo, na huenda yeye ndiye aliyestahili kutazamwa kwanza.

Baada ya hapo unachagua kanuni ya upangaji. Ile maarufu, ForceAtlas2, hufanya nukta zisukumane na viungo vizivute, na kwa mtandao mdogo kama huu picha hutulia ndani ya sekunde chache, familia ya Medici ikiwa imekaa katikati. Inapendeza, na hapo ndipo wengi huchukua picha na kuipeleka kwenye kikao. Ukiirudia kazi hiyo kutoka mpangilio mwingine wa kuanzia, picha inaweza kugeuka juu chini au kulala ubavu, kwa sababu mahali ilipo nukta kwenye skrini si kipimo cha lolote. Vipimo vimo kwenye dirisha la takwimu, na matokeo yake huongezwa kama safu mpya kwenye jedwali la data, ukurasa ambao mtumiaji mgeni huufungua mwisho, kama ataufungua.

Jedwali hilo ndilo linaloipa programu hii thamani. Kwa mali, familia ya Strozzi iliwazidi Medici: data inaonyesha lira 146,000 dhidi ya 103,000 mwaka 1427. Kwa idadi ya ndoa, Medici wana viungo 6, Strozzi 4 na Guadagni 4, tofauti ambayo si ya kushtua. Lakini kuna kipimo, kwa Kiingereza betweenness centrality, kinachohesabu ni jozi ngapi za familia nyingine ambazo njia fupi zaidi kati yao hupitia kwako (njia kama hizo zikiwa kadhaa, hesabu hugawanywa). Kati ya jozi 91 za familia nyingine 14 zilizounganika, Medici wanapata 47.5, Guadagni 23.2 na Strozzi 9.3 tu. Sababu inaonekana ukifuatilia majina: Peruzzi, waliooana na Strozzi, wameoana pia na Castellani na Bischeri, ambao nao ni wakwe wa Strozzi, kwa hiyo hakuna kati yao anayemhitaji Strozzi kumfikia mwenzake. Wakwe wa Medici, kwa upande mwingine, hawajaoana wenyewe kwa wenyewe isipokuwa Ridolfi na Tornabuoni. Cosimo de' Medici, mkuu wa familia hiyo, alifukuzwa mjini mwaka 1433 na akarudi mwaka uliofuata akiwa na nguvu zaidi. Ndoa peke yake hazielezi hayo yote, ila zinaeleza mengi kuliko mali.

Kipimo hicho muhimu hakina kitufe chake. Hukokotolewa ukibofya kipenyo cha mtandao (Network Diameter), jina ambalo meneja wa mauzo hatalifikiria kamwe. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuna kitufe cha kutendua. Ukimfuta Medici ili uone mtandao unavyopasuka (Acciaiuoli hubaki peke yao, Salviati na Pazzi hubaki wawili), huwezi kumrudisha, kwa hiyo tengeneza kwanza nakala ya eneo la kazi. Kwa programu iliyodumu miaka yote hii, upungufu huo ni vigumu kuutetea.

Kuna pia kitelezi cha kuchuja viungo dhaifu, na wafanyabiashara hukipenda kwa sababu husafisha picha. Nakionea shaka. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji wataalamu wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, na katika makala yake ya 1973 aliripoti kwamba asilimia 16.7 walikuwa wakikutana na mtu huyo mara nyingi, 55.6 mara mojamoja na 27.8 kwa nadra. Ukiweka uzito wa kiungo kuwa idadi ya simu kisha ukafuta viungo vyembamba, utakuwa umeifuta njia ambayo habari mpya hupitia.

Ugumu usio wa Gephi, lakini utakaokula muda wako, ni majina. Katika daftari za maduka yetu ya jumla mteja mmoja huandikwa Mama Asha, kesho Asha Dukani, keshokutwa namba ya simu tu, na programu itachora watu watatu. Barua pepe za kampuni ya Enron, zilizowekwa wazi na serikali ya Marekani baada ya kampuni hiyo kufilisika, zina tatizo hilo hilo: mtu mmoja, anwani kadhaa. Na ukiwauliza wafanyakazi humwendea nani wakikwama, majibu yao ni taarifa binafsi chini ya sheria za ulinzi wa taarifa hizo, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwa hiyo kuyabandika ukutani pamoja na majina si jambo la kufanya kienyeji.

Kwa anayeanza, Gephi Lite hufunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote na inatosha kwa mtandao wa idara moja. Mwenye maelfu ya wateja asakinishe toleo kamili kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha. Menyu hazina Kiswahili, na vipimo vingi havijielezi, kwa hiyo mtumiaji atahitaji mtu wa takwimu karibu naye kwa siku za mwanzo. Kwa masharti hayo, na kwa bei ya bure, naipendekeza.