Tathmini ya huduma ya kusimamia vibali na ukaguzi wa jengo la kupangisha

Nilipoamua kujenga nyumba ya kupangisha yenye ghorofa tatu, niliajiri ofisi binafsi ya wahandisi ambao kazi yao ni moja tu: kuhakikisha kwamba jengo linafuata kanuni tangu ramani inapowasilishwa kwa mamlaka hadi hati ya kuruhusu wakaaji kuhamia inapotolewa. Nimekuwa nao kwa miezi 14, na ninaandika kwa ajili ya mwenye mradi anayejiuliza kuna haja gani ya kuwalipa watu hao ilhali tayari ana msanifu, mhandisi wa miundo na mkandarasi.

Hatua ya ramani ilipita bila shida. Walirekebisha upana wa ngazi na umbali kutoka mpakani, kisha kibali kikapatikana.

Thamani yao niliiona siku ya kumwaga zege la msingi. Saruji na kokoto zilikuwa tayari, mafundi wamejipanga, na mkaguzi wao akainama akakuta nondo zimelala juu ya udongo, wakati mchoro ulitaka zifunikwe na zege la milimita 50 kila upande. Alisimamisha kazi palepale. Mkandarasi alilalamika sana, nami nilikasirika, kwa kuwa tulipoteza siku mbili tukiinua nondo kwa vipande vidogo vya zege. Lakini alinieleza jambo ambalo kila anayejenga anapaswa kulielewa: zege ndilo linalokinga chuma dhidi ya kutu, na chuma kikishika kutu huvimba, kikalipasua zege kutoka ndani. Mara zege linapomwagwa, kosa hilo halionekani tena. Ukaguzi unaofanyika baada ya hapo hukagua plasta na rangi tu.

Kwenye jamvi (sakafu ya zege) la ghorofa ya kwanza walichukua sampuli wenyewe, kutoka kwenye zege lilelile lililokuwa likimwagwa, wakajaza kalibu za mchemraba za milimita 150 ili vipande vitakavyoganda humo vipimwe nguvu baada ya siku 7 na siku 28. Majibu ya siku ya saba yalikuwa ya chini kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo wakakataza nguzo za muda zisiondolewe mpaka majibu ya mwisho yatoke, na wakaagiza zege liendelee kumwagiliwa maji. Majibu ya siku 28 yalifikia kiwango.

Kuna wakati niliwaomba wanisaidie kuongeza ghorofa ya nne. Walikataa kugusa ombi hilo kabla mhandisi hajakokotoa upya uwezo wa msingi na nguzo, wakanikumbusha jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, ambalo lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali halali na likaporomoka mwaka 2013, likaua watu zaidi ya 1,100. Niliacha wazo hilo, na ninawashukuru kwa kutonibembeleza.

Upungufu wao mkubwa ulikuwa upande wa zimamoto. Orodha ya matakwa ya njia za kutokea ilinifikia baada ya milango kuwekwa, na milango ya kutokea ilikuwa ikifunguka kuelekea ndani, jambo ambalo watu wengi wanaokimbia moshi hawawezi kulishinda wanaposukumana. Ilibidi ing'olewe na kugeuzwa kwa gharama yangu. Ofisi ilikiri kosa na haikunitoza ziara ya kukagua upya, ila hasara ya milango ilibaki kwangu. Taarifa zao pia zimeandikwa kana kwamba kila mwenye nyumba amesomea uhandisi. Mara mbili nililazimika kupiga simu ili nielewe nilichotakiwa kufanya.

Anayetaka huduma ya namna hii ahakikishe kwamba analipa yeye mwenyewe, si mkandarasi, kwa sababu mkaguzi anayelipwa na anayemkagua hawezi kusimamisha kazi asubuhi ya zege. Mimi nimewapa jengo langu la pili, kwa sharti lililoandikwa kwenye mkataba kwamba matakwa ya zimamoto yaambatane na ramani tangu siku ya kwanza.