Gunia moja, ngano za aina nne: nilivyouona mchanganyiko huu

Nianze na lebo, maana ndiyo iliyonikera. Gunia la mbegu limeandikwa "mchanganyiko wa ngano, aina nne", basi. Aina zipi? Kila moja ni kiasi gani? Mpaka nilipompigia muuzaji ndipo nikatajiwa majina na kuambiwa kwamba ni robo kwa robo, kwa uzito. Sasa, robo kwa uzito si robo ya mimea. Aina moja humo ina punje nene, kwa hiyo kilo yake ina punje chache, na shambani inakuwa wachache kati ya wengi. Anayeuza mbegu ya namna hii angeandika uzito wa punje elfu wa kila aina, mkulima akajipigia hesabu mwenyewe. Kuchapisha mistari minne ya wino kungemgharimu nini?

Lebo nimeisema, sasa shamba. Kati ya hizo aina nne, mbili zinastahimili vizuri kutu ya manjano, ule ukungu unaoshambulia majani ya ngano, moja ni ya wastani, na ya nne huzaa sana lakini kutu huipenda kupita kiasi. Hiyo dhaifu nilikuwa nayo pia peke yake, nikaipanda kwenye ukanda pembeni mwa mchanganyiko, tarehe ileile na mbolea ileile, nione mwenyewe. Msimu ulipokuwa wa baridi na umande, ule ukanda ulishika kutu hadi ukipita katikati suruali inabaki na vumbi la manjano. Ndani ya mchanganyiko, aina ileile ilikuwa na vidonda, sikatai, lakini kimoja hapa, viwili pale, na majani ya juu, yale yanayojaza punje, yalibaki mabichi mpaka suke lilipokomaa. Ukanda niliunyunyizia dawa ya ukungu. Mchanganyiko sikuugusa.

Hakuna muujiza hapo. Spora za kutu, yaani vumbi ambalo ndilo mbegu ya ukungu huo, husafiri kwa upepo, na nyingi hutua karibu na zilikotoka. Zikitua kwenye jani la jirani asiyeambukizika, safari yao imeishia hapo. Mimea dhaifu imetenganishwa, na ile imara inasimama kati yao kama ukuta. Tena mmea ulioguswa na spora zisizouweza huamsha kinga yake, na hizo zinazouweza zikija baadaye zinaukuta umejiandaa. Ila msinunue gunia hili mkidhani ni dawa ya kila kitu: magonjwa yanayorushwa na matone ya mvua kutoka jani la chini kwenda la juu hupungua kidogo tu, na yale ya udongoni hayajali sana jirani yako ni nani.

Anayeona haya ni mambo ya vijishamba vya majaribio aangalie Ujerumani Mashariki. Miaka ya 1980 walieneza michanganyiko ya shayiri hadi ikafikia hekta zaidi ya laki tatu kufikia 1990, na ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani, ukashuka sana nchi nzima huku wakitumia dawa kidogo. Nchi zilipoungana, watengenezaji wa kimea wakataka aina moja moja, na mpango ukafa ilhali ulikuwa unafanya kazi. Au mkoa wa Yunnan, China, mwaka 1998 na 1999: wakulima walipanda mistari ya mpunga wa kunata, unaoshambuliwa sana na ugonjwa wa blasti, katikati ya mpunga chotara unaoustahimili. Ule wa kunata ulipata ugonjwa pungufu kwa asilimia 94 kuliko ulipopandwa peke yake, na mavuno yake yakapanda kwa asilimia 89.

Msichukue hiyo 89 mkaitarajia kwenye ngano. Majaribio mengi yakijumlishwa, mchanganyiko huzidi wastani wa aina zake kwa asilimia 2 hadi 4 hivi, na mara nyingi aina bora ya mwaka huo ikipandwa peke yake huushinda. Shida ni kwamba aina bora ya mwaka huijui hadi umeshavuna. Mimi ninachonunua hapa ni kutopoteza msimu mzima kwa sababu aina yangu moja imepatwa.

Kuna zawadi ndogo nisiyoitarajia. Aina ndefu, ambayo ikiwa peke yake hulala chini mvua kubwa ikipiga, humu iliegemea zile fupi zenye shina gumu ikasimama hadi mwisho. Shamba lenyewe ni la kuchekesha kulitazama, masuke yenye ndevu na yasiyo na ndevu, kimo juu chini. Mpita njia atadhani nimefagia ghala nikapanda. Mimi nalipenda hivyo.

Kosa kubwa la gunia hili ni kuiva. Aina tatu zilikauka pamoja, ya nne ikabaki kijani. Kombaini ikasubiri, na tuliposubiri zile za mapema zikaanza kupukutisha punje. Ukiwahi, unavuna punje zenye unyevu zinazoharibu ghala zima. Hili si la kulaumu wazo la kuchanganya, ni la aliyechagua. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni zikomae kwa wakati mmoja. Kinga tofauti, kalenda moja.

Kwenye ubora wa unga alichagua vyema. Zote nne ni ngano ngumu, na kinu kilipokea bila maswali. Ngano ngumu na laini zikichanganywa, kinu hakijui kijirekebishe kwa ipi. Kama mnunuzi wako anadai aina moja kwa jina, au unalima shayiri ya kimea, gunia hili si lako. Kwa unga wa kawaida au chakula cha mifugo, linunue.

Kuhusu kuhifadhi mbegu: hakikisha kwanza sheria na haki za aina hizo zinaruhusu. Hata zikiruhusu, uwiano huhama kila msimu. Inayoongezeka ni ile inayowagubika wenzake, na hiyo si lazima iwe ndiyo yenye kinga unayoitaka. Misimu michache, kisha anza upya na mbegu safi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Wakiondoa ile aina ya kuchelewa na kurekebisha lebo, ninapanda tena, na sehemu kubwa zaidi. Wakiibakiza humo, nitanunua aina tatu nzuri kila moja kwenye gunia lake, nizitie kwenye mashine ya kuchanganyia zege iliyooshwa vizuri, nizungushe mwenyewe.